Afisa wa Probesheni Akikupigia Simu

 

Leo nina neno kwa kila mmoja wetu aliye na mfanyakazi nyumbani, awe ni wa jikoni, wa bustani au wa kulinda geti. Ni neno kuhusu mtumishi wa serikali ambaye sijasikia akiombewa kanisani. Huwa tunaombea mahakimu, polisi na askari jela. Afisa wa probesheni tunamsahau, na ndiye anayekuja kutuuliza kama kweli tunaamini yale tunayohubiri.

Niwaeleze kazi yake. Mtu akikubali kosa, au akipatikana na hatia, hakimu anaweza kusema: kabla sijatoa hukumu, niletewe ripoti. Hapo afisa anatumwa kumtafuta mtu aliye nyuma ya kosa. Ametoka wapi? Kwa nini alifanya hivi? Nani atamshika mkono akiachiliwa?

Hebu tumfikirie kijana mmoja wa kutoka upande wa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, aliyekuja Karen kufanya kazi ya bustani. Ameiba mashine ya kukata nyasi ya mwajiri wake, akakamatwa akiiuza. Kesi iko Kibera. Mfanyakazi anayemwibia mwajiri anaweza kufungwa hadi miaka 7 chini ya kifungu cha 281 cha sheria yetu ya jinai. Ni kosa lake la kwanza, na amelikubali.

Hakimu ameagiza ripoti. Ofisi ya probesheni ya nyumbani kwao nayo inaombwa ifanye uchunguzi, na afisa wa huko anashika njia. Kajiado ni kaunti ya zaidi ya kilomita 21,000 za mraba. Kutoka mahakamani hadi boma la mama ya kijana kunaweza kuchukua siku nzima kwa pikipiki na kwa miguu, kwenye vumbi. Akifika anaketi na mama, anamtafuta chifu, mzee wa kijiji na majirani. Anawauliza: huyu mnamjua? Amewahi kuwasumbua? Akirudi, mtampokea?

Halafu, mpendwa, simu inalia Karen. Ni afisa anataka kumsikia mwenye mashine, ambaye ni wewe.

Wengi wetu hatushiki simu hiyo. Tuko kwenye mkutano, au bado tuna hasira, au tunasema, “Serikali imalizane naye.” Ripoti inafika kwa hakimu bila sauti yako. Wewe uliyekula chakula alichokuchumia shambani kwako, unayejua kama alikuwa mwizi wa kila siku au kijana aliyeteleza siku moja, umekaa kimya. Hilo ndilo linalonisumbua moyo. Pokea simu hiyo. Sema ukweli wote, wa uchungu na wa wema.

Soma tena waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni sura moja tu, unaimaliza kabla chai haijapoa. Onesimo amemkosea bwana wake na kuondoka. Paulo hafichi kwamba huenda kuna deni. Anasema yuko tayari kulilipa yeye mwenyewe, kisha anamwomba Filemoni ampokee. Ukisoma hivyo utaona barua ile inafanya kazi ya ripoti ya probesheni: kosa limetajwa, mabadiliko yametajwa, na mtu wa kusimama naye amepatikana. Uamuzi umebaki mezani kwa Filemoni, kama leo unavyobaki kwa hakimu.

Kazi hii yenyewe ilianzishwa na fundi viatu. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, John Augustus, mtu wa imani, alimwona mlevi mahakamani akakubali kumdhamini. Alimchukua, akamsimamia, na baada ya wiki tatu akamrudisha mbele ya hakimu akiwa hanywi tena. Hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Kufikia kifo chake mwaka 1859, Augustus alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Kenya imekuwa na huduma ya probesheni tangu 1946. Kumbe mtu wa kanisa alisimama mbele ya hakimu kabla serikali haijaajiri mtu wa kufanya hivyo. Sasa serikali imeajiri maafisa, na kanisa limerudi kuketi.

Najua kuna anayeuliza, “Pastor, unatetea wezi?” Hapana. Probesheni ina masharti. Amri yake hudumu kati ya miezi 6 na miaka 3. Mtu anaripoti kwa afisa, anatembelewa, na akivunja masharti anarudishwa kortini kuhukumiwa kwa kosa lile la kwanza. Yuko nje, lakini ana wa kumjibu. Na wewe uliyeumizwa una haki ya kusema umeumia kiasi gani na unataka nini kirudishwe. Zakayo alipookoka, aliahidi kuwalipa mara nne wale aliowadhulumu. Toba ya kweli hugusa mfuko.

Pia si kila kosa ni la njia hii. Mtoto akidhulumiwa, usikubali kikao cha pembeni cha wazee kuzima kesi. Nenda polisi.

Na niseme hili kwa upendo: msije ofisini kwangu kuomba barua inayosema fulani ni mshirika mwaminifu ilhali sijamwona ibadani hata siku moja. Afisa ametembea juani kutafuta ukweli. Kanisa lisimpe uongo wenye mhuri.

Basi tufanye nini?

Kwanza, afisa akikutafuta, hakikisha ni afisa kweli, kisha umpe muda wako.

Pili, wengi wetu huenda Gereza la Wanawake la Lang’ata na sabuni na unga, tunaimba, tunapiga picha. Ni vizuri, Bwana alisema tuwatembelee walio gerezani. Lakini dada akitoka, au akipewa kifungo cha nje, anahitaji chumba, kazi na mtu wa kumwuliza jioni ameshindaje. Je, ushirika wako wa nyumbani unaweza kumpokea mmoja?

Tatu, idara ya probesheni hufanya kazi pia na maafisa wa kujitolea kutoka kwa jamii. Wewe uliyestaafu, una busara na una muda, nenda ofisi iliyo karibu nawe ukaulize. Huo pia ni utumishi.

Barnaba alimshika Sauli mkono na kumpeleka kwa mitume wakati wote walipomwogopa. Tusisahau kwamba sehemu kubwa ya Agano Jipya iliandikwa na mtu ambaye mmoja tu alikubali kumdhamini.

Tuombe. Baba, wakumbuke maafisa wa probesheni walio njiani leo, Kajiado na kote nchini. Walinde barabarani, wape macho ya kuona ukweli. Na simu ikilia kwetu, utupe moyo wa Filemoni. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe.