Gari Lina Macho, Dereva Kafumba Yake

Kila alfajiri kwenye steji za Kisii kuna mwanamke anayezungumza Kijapani na hakuna anayemjibu. Dereva akiwasha gari tu, sauti yake hutoka mahali fulani chini ya usukani, ya adabu na isiyo na haraka. Makanga mmoja alituhakikishia kwamba mama huyo anawatakia abiria safari njema. La hasha. Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijaingizwa kwenye kisomeo chake. Barabara hizo ziko ng'ambo ya bahari mbili na soko letu la Daraja Mbili, na kadi yenyewe haitaingizwa kamwe. Huyo mama tunaweza kumwacha aendelee kusema.

Tusichoweza kukiacha ni kile tulichokiona sentimita chache kutoka ilikotoka sauti hiyo. Kwenye dashibodi ya Toyota Probox moja, dereva alikuwa amebandika kipande cha utepe mweusi, kile cha mafundi wa umeme, juu ya taa ya onyo. Tulipomuuliza, akasema taa hiyo ilianza kuwaka siku alipobadilishiwa kioo cha mbele, na usiku ilikuwa inamsumbua macho. Ni ile ya mfumo unaoonya na kufunga breki gari linapokaribia kugonga lililo mbele yake.

Gazeti hili linasema bila kumung'unya maneno: madereva na wenye magari wengi wa Kisii na Nyamira wamevizima vifaa vinavyowalinda, kisha wakaviamini vile ambavyo katika barabara zetu haviwezi kuwalinda. Kosa hilo ni lao kwanza, kabla halijawa la yadi inayouza magari, la fundi au la serikali.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Nairobi. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane, na sharti usukani uwe kulia. Kwa hivyo tunachonunua kwa wingi ni kile Wajapani walichochoka nacho juzi. Toyota ilianza kufunga mfumo wake wa kuzuia ajali kwenye magari madogo mwaka 2015. Kuanzia Novemba 2021, Japani ikalazimisha kila muundo mpya wa gari la abiria linalotengenezwa nchini humo uwe na breki inayojifunga yenyewe. Piga hesabu ya miaka minane. Kabla muongo huu haujaisha, gari la mwalimu wa Kebirigo na la muuza ndizi wa Suneka yatakuwa na kamera nyuma ya kioo, kama ambavyo leo yana redio.

Sasa tuulize kamera hiyo inaona nini ikiwa huku kwetu.

Imekaa juu, karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Toleo lile la kwanza la Toyota liliunganisha kamera moja na miale ya leza, na kazi yake ilikuwa kutambua gari lililo mbele. Halikuundwa kufunga breki kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu. Rudia sentensi hiyo ukiwa umesimama Keroka, pale mji ulipogawanywa, upande mmoja Kisii na mwingine Nyamira, na barabara ya kwenda Sotik inapita katikati ya soko. Upande huu mama amekaa na beseni la parachichi, miguu yake ikigusa lami. Upande ule mkokoteni umebeba mikungu ya ndizi hadi msukumaji haonekani. Bodaboda isiyo na taa inatoka uchochoroni, na mtoto wa shule anakimbilia matatu. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye leza ile ilitengenezwa kumwona. Matoleo ya baadaye humtambua mtu anayetembea, nayo pia yana mipaka yake ya kasi na mwanga. Dereva anayepita Keroka akiamini kwamba "gari litajisimamisha" anacheza kamari, na dau lake ni miguu ya huyo mama.

Halafu kuna mistari. Kifaa kinachopiga kelele gari likihama njia yake husoma rangi iliyochorwa barabarani. Pasipo na rangi hakina cha kusoma. Nenda barabara za ndani za Bomachoge au za Borabu ukatafute mstari mweupe. Ukiupata, umefutika nusu, au udongo mwekundu wa mvua ya jana umeufunika. Hata penye mistari mizuri kuna ukungu wa asubuhi kwenye mashamba ya chai ya Nyansiongo, ambao dereva mzoefu huupita kwa kuinamia kioo na kupunguza mwendo. Kamera haiwezi kuinama.

Jambo tuliloliona zito kuliko yote ni mzigo. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 ikiwa gari la kupeleka bidhaa madukani, lenye viti vya watu watano. Kila mkazi wa Gusii anajua inabeba wangapi hapa: wanne kiti cha mbele, mmoja wao akigawana kiti na dereva mwenyewe, wengine nyuma, na buti wazi lililosheheni magunia. Gari likilemewa nyuma, pua yake huinuka, na kamera iliyopimwa itazame barabara huanza kutazama juu. Vitabu vya magari haya vinaonya waziwazi kwamba mfumo unaweza kushindwa kufanya kazi gari likiinama kwa mzigo. Taa nazo huinuka na kumpofusha anayekuja. Ukipakia watu kumi na mmoja umeyafumba macho ya gari kwa mikono yako, hata kama taa ya onyo haijawaka.

Kisa kinachopaswa kumkosesha usingizi kila dereva kilitokea mbali. Usiku wa Machi 18, 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli yenye mifuko. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba mitambo ilimgundua mapema, lakini ikawa inabadilisha mawazo: mara ni gari, mara ni kitu kingine, mara ni baiskeli. Aliyewekwa ndani kuangalia usalama alikuwa ameinamia simu. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Gari hilo, Volvo, lilitoka kiwandani na breki yake ya dharura, nayo ilikuwa imezimwa ili isigongane na mitambo mipya. Kilichokuwa kinafaa kilizimwa, na kilichoaminiwa hakikuwa tayari. Mwanamke anayesukuma kitu chenye mzigo akivuka barabara gizani, kwetu huyo hupatikana kila jioni ya soko.

Tukirudi nyumbani, tunakuta biashara ambayo tungependa kuona mwisho wake. Wachuuzi wanauza ndimi bandia za mikanda ya usalama, vipande vidogo vya chuma vyenye nembo ya kampuni ya gari, ving'aavyo kama mapambo. Unachomeka kwenye kifungo cha mkanda, kengele inanyamaza, na mkanda unabaki ukining'inia mlangoni. Asiye na pesa ya ulimi bandia hufunga mkanda halisi nyuma ya mgongo wake kisha akaukalia. Mwaka 2004, kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa, mikanda iliwekwa kwenye matatu kwa vita na kelele. Miaka zaidi ya 20 baadaye mtu mzima anatoa pesa mfukoni ili gari lake lisimkumbushe kuishi. Faini ya kutofunga mkanda ni shilingi 500. Tunashuku kwamba ndiyo sababu.

Tuwe waungwana: madereva wana hoja kuhusu baadhi ya kelele. Kwenye kona za kuteremka kutoka Manga, kengele ya kuhama njia hulia kila dakika, kana kwamba gari linaonya dhidi ya migomba iliyosimama mahali pake tangu enzi za babu. Kengele inayolia bure humfundisha mtu kutosikiliza kengele yoyote. Basi hiyo ya njia, ukifika penye kona kama hizo, izime kwa kitufe chake. Kiliwekwa kwa kazi hiyo. Hoja hiyo haiufikii mkanda. Haiufikii utepe mweusi pia, kwa maana taa ya onyo ikiwaka na kukaa, mfumo unakiri kwamba haufanyi kazi, na anayestahili kuisikia habari hiyo kuliko wote ni yule anayeufunika mdomo.

Mambo ya ndani ya gari hayana nafuu. Manyoya yale meupe yanayotandazwa juu ya dashibodi, na ambayo hapa yamekuwa alama ya heshima, mara nyingi hulala juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa abiria. Mfuko huo hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na chochote kilicho juu yake hugeuka kombora. Vitambaa vya viti vilivyoshonwa bila kuacha nafasi hubana mifuko ya ubavuni. Mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele yuko mahali pabaya kuliko pote garini, kwa sababu mfuko wa hewa uliundwa kumpokea mtu mzima aliyefungwa mkanda, si kichwa cha mtoto kilicho karibu na dashibodi. Rozari na vibandiko vinavyoning'inia au kubandikwa mbele ya kamera hatuna haja ya kuvieleza sana. Skrini kubwa zinazofungwa na mafundi, zikionyesha video za muziki dereva akiwa kwenye mteremko wa kuingia Kisii, ni uhalifu wa kujifurahisha. Sheria inamtoza anayetumia simu akiendesha shilingi 2,000, na hatuoni skrini ya inchi tisa inaizidi simu kwa wema gani.

Moja zaidi, la nyumbani. Magari ya haibridi yanayoingia kwa wingi huanza kusogea kwa umeme, bila sauti ya injini. Katika maboma yetu, ambamo nyumba zimebanana na watoto hucheza nyuma ya magari, sauti ya injini ndiyo iliyokuwa onyo la kwanza. Kamera ya nyuma iliyopakwa tope haimwoni mtoto. Ifute kwa kidole, kisha ushuke ulizunguke gari kabla ya kurudi nyuma.

Yadi nazo zimepandishwa kizimbani, na zimepatikana na hatia. Kumkabidhi mtu ufunguo wa gari ambalo maandishi yake yote ni ya Kijapani, bila kumweleza taa hata moja ya dashibodi, ni kuuza dawa isiyo na maelezo ya kipimo. Karatasi moja ya Kiswahili yenye picha za taa na maana yake ingegharimu chini ya kuoshwa kwa gari. Wabadilisha vioo nao wajue kwamba kioo chenye kamera kikibadilishwa, kamera sharti ipimwe upya kwa vifaa vyake. Asiye na vifaa hivyo amwambie mteja waziwazi kwamba gari linaondoka likiwa halioni. Shule za udereva bado zinafundisha kwa kusukuma vigari vya mfano ubaoni, na mwanafunzi anatoka bila kusikia neno moja kuhusu breki inayojifunga. NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama, ambayo takwimu zake zinaonyesha watu zaidi ya 4,700 walikufa barabarani mwaka 2024, kundi kubwa kuliko yote likiwa la watembea kwa miguu, iingize mafunzo hayo kwenye mtaala, na wakaguzi wake waanze kuuliza kwa nini taa ya onyo inawaka, au kwa nini haiwaki kabisa. Polisi wa barabarani kati ya Kisii na Keroka wanaijua Probox yenye watu kumi na mmoja bila kuhitaji kamera yoyote. Kwa nini inapita ni swali ambalo kila abiria ana jibu lake.

Tulimweleza yule dereva maana ya taa aliyoifunika. Alitusikiliza kwa heshima hadi mwisho. "Mzee," akasema, "hiyo ni ya kule kwao. Breki yangu ni huu mguu." Kuhusu mguu hatukumpinga, ndiyo breki pekee aliyokuwa amebaki nayo. Kisha tukatazama chini. Mguu wenyewe ulikuwa umebanwa kati ya kanyagio na goti la abiria aliyegawana naye kiti, na makanga alikuwa nje bado, akiita wawili wa mwisho wa Nyamira.