Jembe Mjini Si Aibu

Wako watu wanenao kwamba jembe ni la shamba, na kwamba mboga huuharibu uzuri wa mji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Jijini Nairobi askari wa baraza waliifyeka mimea ya maskini kwa miaka mingi, mpaka sheria ya kaunti ya mwaka 2015 ilipokitambua kilimo cha mjini. Wengine huyalaumu maji ya taka yanyweshayo sukuma wiki. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake ni maji safi, si panga. Basi wakuu wa jiji wawape wakulima maji na ardhi. Ni pambo gani la mji limpitalo mtoto aliyeshiba?