Mashine za kubangua korosho zitasimama tena kama hakuna wa kusubu vipuri

SERIKALI imekwisha kutangaza nia ya kuona korosho ya Tanzania inabanguliwa nchini badala ya kupakiwa melini ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Eneo la kongani ya viwanda limetengwa Maranje, katika Halmashauri ya Mji Nanyamba, na wakulima wa Newala na Masasi wanasubiri kuona kama bei itapanda. Katika mazungumzo yote hayo kipuri hakitajwi. Puli ikipasuka au gia ikivunjika meno katikati ya msimu, nani ataitengeneza, wapi, na kwa siku ngapi?

Wazee wa kusini wanajua kwa nini swali hilo si dogo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangulia korosho, ujenzi ulioanza miaka ya 1970, na Newala na Masasi zilipata sehemu yake. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000, lakini ulipofika msimu wa 1986/87 zao lilikuwa chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao; bei ilikuwa ndogo; na ugonjwa wa ubwiriunga ulimaliza maua. Haitakuwa haki kusema viwanda vile vilikufa kwa sababu ya vipuri, maana vilikosa korosho yenyewe. Hata hivyo, kipuri kilihitaji fedha za kigeni, na miaka ya 1980 fedha hizo hazikuwepo. Vingi vikafungwa, vingine vikageuzwa maghala.

Leo kisingizio cha kukosa korosho kimekwisha. Msimu wa 2017/18 ulizidi tani 310,000, na ule wa 2024/25 ulipita tani 500,000. Kilichobaki ni mashine na mtu wa kuitunza.

Sehemu kubwa ya vipuri vizito vya mashine, kama puli, magurudumu, nyumba za beringi na baadhi ya gia, hupatikana kwa kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Njia inayotumika zaidi duniani ni ya mchanga. Fundi huchonga mfano wa kipuri kwa mti, huuzika katika kisanduku cha mchanga uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, kisha huutoa taratibu. Pale ulipokuwa mti hubaki uwazi, na hapo ndipo chuma kilichoyeyuka humiminwa. Kikipoa, mchanga huvunjwa na kipuri hupelekwa kwenye mashine ya kereza kusawazishwa.

Ugumu wa kazi umo katika ule mfano wa mti. Chuma cha kusubu kikipoa hupungua kiasi cha milimita 10 kwa kila mita, na alumini kama milimita 13, hivyo mchongaji lazima auzidishe mfano kwa kipimo hichohicho. Pande zake huinamishwa kidogo ili usibomoe mchanga unapotolewa. Ni kazi ya jicho na mkono, na ni vigumu kupata nchini watu wenye jicho na mkono kama huo kuliko Wamakonde, ambao vinyago vyao vya mpingo vimeuzwa dunia nzima. Mchongaji wa Newala hahitaji kufundishwa mti. Anachohitaji ni kufundishwa kusoma mchoro wa fundi na kutumia rula ya kusubia, mafunzo ya miezi, si ya miaka.

Sanaa nayo ina njia yake ya kusubu, ile ya nta: sanamu hufinyangwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, nta huyeyushwa ikatoka, na shaba hujaza nafasi yake. Kwamba nchi imezoea kuagiza kazi za kusubu kutoka mbali kunaonekana katikati ya Dar es Salaam. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka watu wa vita ambavyo mwaka 1917 vilipita Masasi na Newala kuelekea Ruvuma, ilisubiwa Uingereza na Morris Bronze Founders wa Westminster.

Kuna jambo lingine ambalo wakulima wachache huambiwa. Kipuri chenye tundu, kama puli, huhitaji kiini cha mchanga kinachowekwa ndani ya kalibu ili chuma kisijaze tundu hilo. Mchanga wa kiini hugandishwa kwa mafuta au gundi maalumu na kuokwa. Mojawapo ya vitu vinavyotengenezewa gundi hiyo ni mafuta ya ganda la korosho, yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji. Hutumika pia katika rangi na katika bitana za breki za magari.

Ganda ni kama asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, na karibu robo ya ganda ni mafuta. Kwa hesabu ya haraka, tani moja ya korosho ina kilo 175 za mafuta hayo. Hata yakikamuliwa nusu tu, ni zaidi ya kilo 80. Kwenye minada ya TANECU na MAMCU korosho hupangwa kwa ubora wa punje ya ndani. Ganda halina mstari wake kwenye stakabadhi, ingawa linasafiri na mzigo mpaka kiwanda cha mnunuzi. Kwa upande mwingine, akina mama wanaobangua kijijini kwa kukaanga kwenye karai huyachoma mafuta yote yakawa moshi.

Je, kiwanda kidogo cha kusubu kinaweza kulipa Masasi? Kwa korosho peke yake, hapana. Msimu ni wa miezi michache na mashine za kubangua bado ni chache. Lakini mashine za kusaga na kukoboa zipo karibu kila kata, na puli zake na ngoma za kukobolea huchakaa mwaka mzima. Mwenye mashine hiyo leo huuza chuma chakavu kwa kilo kwa wachuuzi, mzigo huenda Dar es Salaam, naye hununua puli iliyorudi kwa bei ya duka pamoja na nauli. Anayebangua kwa mkopo ana hasara nyingine: korosho yake imelala, wafanyakazi wamekaa, na riba ya benki haisubiri gari la kipuri.

Mahali pa kuanzia ni alumini. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo tanuri la mkaa lenye feni hulifikia. Chuma huhitaji zaidi ya nyuzi 1,200, na tanuri la umeme linataka umeme usiokatika, kwani ukikatika chuma huganda humo ndani. Kazi ya chuma basi iendelee kupelekwa Dar es Salaam, au kwenye Kilimanjaro Machine Tools, lakini mifano ya mti ichongwe na kuhifadhiwa Newala. Mwenye mfano hatafuti tena kipuri dukani, anaagiza.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kalibu yenye unyevu mwingi hurusha madini ya moto usoni mwa fundi. Pili, mafundi wa alumini hupenda kuanza na sufuria kwa kuwa zinauzika haraka, lakini utafiti wa Cameroon uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta madini ya risasi katika vyombo vilivyosubiwa kwa vyuma chakavu. Puli haipikiwi chakula.

Vyama vikuu vya ushirika hukata fedha kwenye kila kilo inayopita mnadani. Wajumbe wa mikutano mikuu wanaweza kuuliza, kabla ya mashine mpya kununuliwa, kama muuzaji atatoa michoro ya vipuri vyake. Bila michoro hiyo, kila gia itaagizwa alikotoka muuzaji, kwa bei anayoitaka yeye.