Usipunguze Sahani ya Mutoto

Wamama wengi wanasema: "Tunakula vibaya kwa sababu hatuna feza." Neno hili ni la kweli, lakini si kweli yote. Feza ikipunguka mu nyumba, kila mama anapunguza kitu fulani. Mimi naona kwamba mara nyingi tunapunguza kile kisichofaa kupunguzwa.

Asubuhi wananunua mukate mweupe na sukari ya chai. Magaribi feza imekwisha, basi watoto wanapewa bugali wa mihogo na muchuzi wa maji na chumvi. Tumbo limejaa, mama anaridhika. Lakini mu kilo moja ya unga wa mihogo, sehemu ya kujenga mwili ni gramu 20 hivi tu. Mu kilo moja ya maharagi inapita gramu 200. Mutoto aliyeachishwa maziwa, akila bugali tupu siku zote, miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, anakaa na huzuni, anakataa chakula. Hapa Kivu tunauita ugonjwa ule bwaki. Wanganga wanauita kwashiorkor, jina ambalo munganga Cicely Williams alilisikia kwa watu wa Ghana na kuliandika mwaka 1935. Wengine wakiona miguu ile wanaanza kutafuta mulozi. Mulozi hayuko, maharagi ndiyo hayako.

Utanijibu: "Maharagi yanamaliza makala." Ni kweli, na wamama wengi wanayaacha kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya bei ya sokoni. Basi uyaloweshe usiku kucha, umwage maji yale, uyapike mu maji mapya, na sufuria ifunikwe vizuri. Yataiva upesi kuliko yale makavu. Sombe nayo inajenga mwili, ikitwangwa na kupikwa muda mrefu. Na sambaza kavu? Unaitwanga yote, kichwa na mifupa, unatia kijiko kimoja ao viwili mu uji wa mutoto. Hakuna kitu cha kutupa.

Kuna jambo moja ambalo nakataza kabisa kulipunguza: siku za kulowesha mihogo michungu. Mihogo ile ina sumu. Inapasa kukaa mu maji siku tatu ao ine, kisha kuanikwa mupaka ikauke. Wakati wa njaa watu wanafanya haraka, wanaitoa kesho yake. Mwaka 1938 munganga Trolli aliandika habari za watu wa Kwango walioshikwa na ugonjwa wa miguu. Wao wenyewe wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Unashika kwa gafula, zaidi watoto na wamama, na miguu ile hairudi kuwa kama zamani.

Sasa nisemeshe wababa, maana tunawalaumu wamama peke yao. Ni nani anakula samaki mu nyumba yako? Baba anapewa nyama yake, mutoto anapewa muchuzi. Mayai ya kuku yanauzwa, na feza yake inanunua sukari. Sioni faida ya biashara hii hata kidogo. Najua desturi ni ngumu kugeuza, na mama ataogopa kuianza peke yake. Basi wewe baba ndiwe useme. Leo magaribi, mbele sahani yako haijapakuliwa, wambie watoe kipande cha samaki, waondoe miiba, wakiweke mu sahani ya mutoto mudogo.