Hojaji Pekee Haitoshi

Mhariri amenipa ukurasa mmoja, nami nitautumia kutoa dukuduku langu. Tangu nijiunge na shule hii nimesikia ikisemwa kwamba kuimba, kuchora na kuigiza ni mambo ya kujiburudisha Ijumaa jioni, na ati utafiti ni kazi ya wenye rula na kikokotoo. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mimi nakataa katakata. Ukitaka kujua kwa nini binadamu huhama, sanaa itakuambia mambo ambayo hesabu haiwezi kuyafikia.

Hebu niwasimulie. Mwaka jana darasa letu la Jiografia lilitumwa sokoni kuwauliza wachuuzi walikotoka na sababu za kuhama kwao. Tulibeba hojaji zenye maswali kumi na mawili na visanduku vya kutia alama. Kufikia saa sita mchana tulikuwa tumejaza hojaji arobaini hivi, na karibu zote zilikuwa na jibu lilo hilo moja: "kutafuta riziki". Tukafurahi. Kazi imekwisha, twende tukale!

Ndipo mwenzangu mmoja, ambaye hawezi kukaa dakika mbili bila kuchorachora, alipoigeuza hojaji ya mama mboga mmoja na kumpa penseli.

"Mama, hebu tuchoree njia uliyopita kutoka kwenu mpaka hapa."

Mama akacheka. "Mimi nichore? Mkono huu ni wa kukata sukuma, mwanangu."

Lakini alichora. Alianza na nyumba tatu na mpera. Kisha akaanza kuipaka nyumba moja weusi, akapaka, akapaka, mpaka karatasi ikataka kutoboka. Halafu akachora barabara, lori, na uwanja uliojaa mahema. Sote tulikuwa kimya. Hakuna aliyemwuliza ilikuwa lini. Alitaja mwenyewe: Januari 2008.

Sasa fikiria, ndugu msomaji. Mbele ya karatasi kuna alama kwenye "kutafuta riziki". Nyuma yake kuna nyumba iliyoteketea. Mama yule hakusema uongo, maana riziki alikuwa akiitafuta kweli. Ni sisi tuliomletea visanduku vinne, naye akachagua kile kisichomuumiza.

Sisemi takwimu zitupwe, la hasha! Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika nchi yetu, na ilimwuliza mtu alikozaliwa. Bila hesabu kama hizo, serikali itajuaje mahali pa kujenga zahanati? Ila sensa itakuonyesha kwamba fulani alizaliwa huku na sasa anaishi kule. Kilichompata katikati ya huku na kule haikijui.

Wala msidhani haya ni mawazo ya mtoto wa shule tu. Mwaka 1956 mtafiti J. Clyde Mitchell alichapisha kitabu kuhusu Kalela, ngoma iliyochezwa na wafanyakazi wahamiaji huko Luanshya, kwenye machimbo ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Vijana waliotoka vijijini walivalia nadhifu kama mabwana wa mjini, wakalisifu kabila lao na kuwatania makabila mengine kwa nyimbo. Mitchell aliichunguza ngoma hiyo akaona jinsi watu waliokutanishwa na kazi walivyokuwa wakijifunza kuishi pamoja.

Na hapa kwetu je? Ngoma ya Beni ilichipuka katika pwani yetu, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wachezaji waliiga bendi za Wazungu, wakavaa sare na kupeana vyeo vikubwa vikubwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, askari na wapagazi waliibeba ngoma hiyo wakaieneza Tanganyika, Malawi na hata Zambia. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuata nyayo kwa nyayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975. Ukijua ngoma ilikofika, unajua watu walikofika. Wapagazi wale hawakuandika vitabu. Jeshi lao lilituachia majina ya mitaa, Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika daftari la jeshi mpagazi alikuwa nambari. Katika Beni aliweza kuwa jenerali! Tofauti hiyo inakueleza mengi kuhusu alivyojiona yeye mwenyewe.

Najua kuna mtu atanyoosha mkono aseme kwamba waimbaji hutia chumvi. Kweli, hutia. Hata mjaza hojaji hutia. Lakini ukichunguza mahali mwimbaji anapozidisha chumvi, utapata kinachomkera au anachokiota. Kazi ya mtafiti ni kulinganisha wimbo na hesabu, si kuchagua kimoja na kukipa kingine mgongo.

Basi, je, mchoro wa mama yule uliingia katika ripoti yetu? Haukuingia. Tuliambiwa kuwa mchoro si data. Tukachora grafu nzuri ya miraba, mraba wa "riziki" ukawa mrefu kuliko yote, tukapata alama zetu. Mimi sikufurahi, na mpaka leo sijafurahi.

Ombi langu ni dogo. Likizo hii kila mwanachama arudi na wimbo mmoja wa safari, uwe wa nyanya yake, wa jirani au wa utingo wa matatu. Auandike kwa lugha uliyoimbwa, kisha autafsiri kwa Kiswahili, na kwanza kabisa amwombe mwenyewe ruhusa. Hilo la ruhusa tulifundishwa na mama mboga. Tulipokuwa tukiondoka alitushika: "Na hiyo picha yangu mnaipeleka wapi?" Tulimpa. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa zake, akaendelea kukata sukuma.