Kinyama cha Utumboni Kisingoje "Baadaye"

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwanafunzi anaijua methali hii, ila haisemi ufa uzibwe lini, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Ufa ninaouzungumzia umo mwilini. Ndani ya utumbo mpana wa watu wengi, hasa wenye umri mkubwa, huota vinyama vidogo ambavyo matabibu huviita polipu. Vingi havidhuru. Lakini vile vya aina ya adenoma huweza kugeuka saratani, na mageuzi hayo aghalabu huchukua takriban miaka 10. Tangu Hiromi Shinya na William Wolff walipoanzisha mbinu hiyo mjini New York mwaka 1969, daktari anaweza kukikata kinyama kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira ule ule wa kuchunguzia utumbo, pasipo kupasua tumbo. Kuona na kuondoa vikawa kazi ya kikao kimoja.

Faida yake si ya kukisia. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wagonjwa 1,418 waliotolewa adenoma walitangaza kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa imepungua kwa asilimia 76 hadi 90 ikilinganishwa na ilivyotarajiwa.

Je, kungoja kunadhuru? Utafiti uliochapishwa 2017, wa watu zaidi ya 70,000 wa California ambao choo chao kilionyesha dalili ya damu, unatufaa hapa. Waliochunguzwa utumbo ndani ya miezi 9 hawakutofautiana sana na waliochunguzwa ndani ya mwezi mmoja. Waliopitisha mwaka, uwezekano wao wa kukutwa na saratani ulizidi maradufu. Kwa hiyo majuma machache hayapaswi kumtia mtu kiwewe. Cha kuogopwa ni neno "baadaye".

Neno hili, kwa sisi wanaisimu, halina mpaka. Kwa mfanyakazi wa Nairobi mwenye bima, "tutakitoa baadaye" huenda ni wiki mbili. Kwa mfugaji wa Turkana aliyeuza mbuzi ili apate nauli, ni kuuza mbuzi wengine, kufunga kula tena, kunywa tena dawa ya kuharisha, na kulipa tena. Huyo hatarudi. Daktari alisema ukweli, na mgonjwa akaelewa kwamba hakuna haraka.

Sikatai kwamba zipo sababu za haki za kuahirisha: kinyama kikubwa kinachohitaji bingwa, mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, utumbo usiosafishika vizuri. Hapo sababu na tarehe ziandikwe, tena kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 ilikifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. (Wenzangu watabishana kama tuseme polipu au kinyama. Mgonjwa aelewe kwanza, kamusi itafuata.)

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mgonjwa aliyekwisha kupewa dawa ya usingizi hawezi kutoa idhini. Ikiwa fomu aliyotia sahihi ilitaja kuchunguza tu, daktari aliyekiona kinyama hulazimika kukiacha. Basi fomu itaje yote mawili, isomwe kwa lugha anayoijua mgonjwa, naye aulize kabla ya sindano: ukikiona, utakitoa leo? Na ikiwa si leo, ni tarehe ngapi?