Diani umeipiga picha, mto wa Kawangware je?

Nimekuona. Ijumaa ulitoka kazini mapema, ukapanda treni ya usiku pale Syokimau, na Jumamosi kabla jua halijachomoza ulikuwa Diani na simu mkononi. Jumapili jioni tukapata picha kumi na mbili: mnazi ulioinama, mashua yenye tanga, miguu yako kwenye mchanga mweupe, na ile moja umetupa mgongo ukiitazama bahari kana kwamba inakudai pesa. Nikazipa moyo zote. Nikateremsha kidole kidogo tu, nikakutana na mnazi uleule, mashua ileile, na mgongo wa mtu mwingine.

Sikucheki. Mimi pia nilifanya hivyo, tena kwa mkopo.

Mwaka wa pili chuoni karo ilinishinda, nikarudi nyumbani Kawangware na kitu kimoja cha maana: kamera ya mkono wa pili niliyoinunua Luthuli. Nikajiambia mimi sasa ni mpiga picha wa mandhari. Na mandhari, kwa jinsi simu yangu ilivyonifundisha, ni bahari. Basi Mei 2023 nikakopa kwa simu, nikalipa nauli ya treni (wakati huo ilikuwa 1,000 kwenda, kabla haijapandishwa kuwa 1,500 Januari 2024), nikalala kwa rafiki Ukunda na kupiga picha zaidi ya mia mbili. Mkopo niliulipa kwa miezi minne. Picha hakuna aliyenunua hata moja. Kwani wewe ungenunua? Si unazo tayari.

Hiyo picha ya mashua ina umri mkubwa kuliko nyanya yako. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, studio kama ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho pale Unguja zilikuwa zikipiga picha za bandari na majahazi na kuwauzia wageni kama postikadi. Mgeni alitaka kuwatumia watu wa kwao Afrika tulivu, yenye maji na minazi, isiyo na kelele. Leo tunapiga postikadi hiyohiyo na kujitumia wenyewe.

Lakini safari yenyewe haikupotea bure, na ndiyo sababu naandika. Siku mbili za mwisho nilipanda matatu hadi Malindi. Nilitaka ile picha ya mnara wa Vasco da Gama, bahari ya buluu nyuma yake. Nikafika nikakuta maji ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa ya kibandani, hadi mbali. Nikakasirika kama mtu aliyeuziwa simu feki. Karibu na hapo kulikuwa na mzee akitengeneza nyavu. Nikamwamkia, shikamoo, nikamuuliza bahari yao imekuwaje. Akaniangalia, akaangalia kamera. "Haya si yetu, mwanangu. Haya ni ya kwenu bara."

Nikadhani ananitania. Usiku nikafungua ramani.

Fuata na wewe. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Unateremka Dagoretti na Kawangware, unapita Kileleshwa na Chiromo, unakatiza chini ya Museum Hill, unapita ukingoni mwa katikati ya jiji hadi Gikomba, unaendelea mashariki kupita Dandora na Ruai, kisha unaungana na Athi. Athi inaanguka pale Fourteen Falls karibu na Thika, inazunguka Ukambani, inaingia Tsavo, na huko inabadilishwa jina kuwa Galana. Ikikaribia pwani inaitwa Sabaki. Inamwaga maji baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Udongo mwingi inauokota njiani, mashambani, kwa hivyo tusijibebeshe lawama yote. Ila sehemu ya maji yenyewe ni yetu. Nilikuwa nimesafiri karibu kilomita 600, kwa pesa za watu, kwenda kupiga picha maji yaliyokuwa yamepita nyuma ya ploti yetu.

Hilo ndilo ninalotaka kukuambia wewe mwenye kamera, wewe mwenye simu nzuri kuliko simu ya bosi wako. Nairobi ilipewa jina na maji. Kwa Kimaasai ni maji baridi. Vijana wa jiji hili tuna kamera nyingi kuliko kizazi chochote kilichotutangulia. Na bado mto huu una picha za aina mbili tu zinazosambaa: za taka, siku mkubwa fulani amezuru na gambuti mpya, na za mafuriko, siku watu wamekufa. Siku nyingine zote ni kama haupo. Tunavuka juu yake ndani ya mathree tukiangalia picha za Watamu.

Najua utakachosema. Hakuna anayelaiki mto mchafu. Kwanza, nani alikuambia wote ni mchafu? Panda 105 alfajiri hadi Kikuyu mjini. Ondiri unatembea tu hadi huko. Nyasi zake zinaelea juu ya maji, ukikanyaga ukingo ardhi inatikisika kama godoro. (Usijifanye shujaa ukaingia ndani. Si mzaha.) Asubuhi ya baridi ukungu unakaa chini, ndege wanaita bila kuonekana, na mashine za wakulima zinaanza kusukuma maji. Mimi nimezaliwa hapa karibu na nilifika Ondiri nikiwa na miaka 23. Diani nilikuwa nimeshafika.

Halafu teremka nao. Kawangware mto unapita kati ya nduma, sukuma na majani ya ng'ombe, na mabomba ya vyoo yanatokeza kwenye kingo kama ndimi. Ng'ambo ni Kangemi. Watoto wanavuka kidaraja cha miguu na sare za shule, mmoja mmoja, kwa sababu mbao mbili hazipo. Hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linapiga mabati ya upande mmoja na upande mwingine bado ni bluu ya usiku. Huhitaji filta. Simu yenyewe inatosha. Droni sahau, hiyo mpaka kibali cha KCAA.

Ukishuka upande wa Lavington na Kileleshwa, mto unapotea. Haujakauka, umewekewa ukuta. Hili lilinishangaza kuliko yote. Mtaani kwetu mto unaonekana na kila mtu na hakuna anayetaka kuuangalia. Kule kwa wenye pesa kuna nyasi zimekatwa na miti mikubwa kando yake, lakini kuuona mpaka umjue mtu wa geti. Nimefukuzwa mara tatu. Mlinzi mmoja alisimama nami hadi nikafuta picha zote, za ukuta tu, na akaniuliza nimetumwa na nani. Siku hizi napiga kuta hizo kutoka barabarani. Ukuta nao ni picha ya mto.

Chiromo na Museum Hill nakuachia uende mwenyewe, miti ipo, kivuli kipo, na kwarara wanapiga kelele kama makanga. Ukipenda kijito kidogo nenda Arboretum, ambako Kirichwa inapita pembeni. Bustani ya Michuki, karibu na Globe, imebeba jina la John Michuki, waziri aliyefariki 2012 na ambaye alipokuwa Mazingira aliusafisha mto huu hadi watu wakaanza kuamini kwamba inawezekana. Simama hapo uangalie maji, uamue mwenyewe imani hiyo iko wapi sasa.

Kisha Grogan. Nyuma ya gereji za Kirinyaga Road mafuta ya magari yanateremka mtoni, na jua la saa nane likipiga yanatandaza rangi zote za upinde wa mvua juu ya maji meusi. Nina picha hiyo. Ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na naona haya kuipenda.

Sasa sikiza sehemu ngumu. Mama anayefua nguo pale mtoni si mandhari. Kijana anayeokota chupa za plastiki si rangi ya kukoleza fremu yako. Salimia. Sema jina lako. Omba. Akikataa, shusha kamera na umsaidie kubeba ndoo kama una adabu. Tusije tukawafanyia majirani zetu kile ambacho wageni wa postikadi walitufanyia.

Na kwa nini tujisumbue? Aprili 2024 ndiyo ilinijibu. Mvua ilinyesha, mito ya Nairobi ikapanda, watu wakapoteza maisha na nyumba, Mathare ikaumia vibaya sana, na hata huku kwetu maji yaliingia vyumba vya chini. Baadaye ikaja amri kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Mita 30 kutoka wapi? Mtaani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mzee wa nyumba kumi alisema ukingo ulikuwa kwenye ule mti. Mwenye ploti akasema hapana, mto ndio uliosogea. Wapangaji wakasema walipohamia kulikuwa na shamba la nduma katikati. Kila mtu alikuwa na kumbukumbu na hakuna aliyekuwa na picha. Mimi, mpiga picha wa mandhari wa mtaa mzima, nilikuwa na Diani mia mbili.

Na si mabanda pekee yanayosogelea maji. Agosti 2018 tingatinga ziliangusha Ukay Centre pale Westlands na South End Mall pale Lang'ata, zikasema zilijengwa kwenye njia ya mto. Majengo makubwa hivyo hayaoti usiku mmoja. Yalichimbwa msingi, yakawekwa nguzo, ghorofa baada ya ghorofa, na maelfu yetu tukipita. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi hii, alipiga picha nyingi nzuri za nchi hii, lakini dunia ilisimama kwa zile alizorekodi Ethiopia 1984 wakati wa njaa. Alikuwa mahali ambapo wengine hawakutaka kuangalia. Wewe hauhitaji hata kuvuka mpaka.

Tangu mafuriko yale, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nasimama kwenye kidaraja kilekile, mahali palepale nilipoweka alama ya rangi, napiga picha moja upande wa juu na moja upande wa chini. Picha moja moja ni za kuchosha, sikufichi. Ukizipanga pamoja zinaanza kusema. Machi ukingo ulikuwa na migomba. Julai kuna mawe yamepangwa. Septemba kuna ukuta. Wiki fulani maji yanakuwa mekundu, na ni kila mara baada ya mwisho wa mwezi. Sijui rangi inatoka wapi, lakini tarehe ninazo.

Mwezi fulani mama mmoja wa kikundi cha usafi mtaani aliniomba nimchapishie mbili apeleke kwenye baraza la chifu. Akanilipa shilingi mia mbili na nduma za kutosha chakula cha jioni. Ndizo picha zangu za kwanza za mandhari kununuliwa. Alivyozishika pale barazani, mwenye ukuta hakusema tena kwamba ukuta umekuwepo tangu zamani. Ukuta bado uko, nisikudanganye. Lakini sasa una umri, na umri wake unajulikana.

Haraka yangu ni hii. Machi 2025 serikali ilizindua mpango mkubwa wa kufufua mito ya Nairobi. Vijana wa Climate WorX wamekuwa wakizoa taka, mashine zinachimba, kingo zinabadilika sura. Labda mambo yatakuwa mazuri, naomba yawe. Labda itakuwa kama mipango mingine tuliyoiona. Vyovyote vile, mto unaouona leo mwaka ujao hautakuwa huu, na mtu akisimama jukwaani aseme ameusafisha, au aseme hakuna aliyefurushwa, wewe utamjibu na nini? Na mgongo wako ukiitazama Bahari Hindi?

Pwani nitarudi. Kuna mahali nataka kusimama: mlango wa Sabaki, pale vilima vya mchanga vya upande wa Mambrui, ambako heroe hutua na viboko hutoka majini. Nitapiga picha ya maji yale ya kahawia yakiingia baharini, niitundike kando ya ile ya kidaraja chetu. Naweka akiba taratibu. Safari hii sikopi.

Kwa sasa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Panda 46 hadi mwisho wa gari, uliza kidaraja cha kuvukia Kangemi, mtu yeyote atakuonyesha. Vaa viatu ambavyo haviogopi matope. Wa mandazi anafungua mapema.